Uchumi wa Mlimani na Uchumi wa Feri

Kila mwaka, zikisha pita wiki za mwanzo za muhula, hutokea mwanachuo mmoja mwenye ujasiri akaniuliza swali ambalo wenzake hulinong'ona bwenini: imekuwaje mtu aliyesoma shahada ya uzamili ya uchumi akaja kukaa katika chuo cha ualimu, akifundisha namna ya kufundisha faida na hasara kwa watoto wa darasa la tano? Swali huulizwa kwa adabu, lakini ndani yake mna tuhuma. Ama nilishindwa huko nilikokwenda, ama elimu yenyewe haikuwa na manufaa. Kwa miaka mingi nimelijibu kwa mzaha. Katika makala haya nakusudia kulijibu kwa ukweli, na kwa kuwa jibu lenyewe linahusu ufundishaji kuliko linavyonihusu mimi, naona jarida hili ndilo mahali pake.

Yafaa nianze na mafunzo yale, maana wapo kati yenu watakaoyafuata baadaye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa Mlimani; kilizaliwa mjini. Mwaka 1961 kilifunguliwa, kikiwa chuo kikuu kishiriki, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo, kikiwa na kitivo kimoja tu cha Sheria na wanafunzi wasiozidi 15. Kilihamia kilimani mwaka 1964, na mwaka 1965 ikaundwa Ofisi ya Utafiti wa Uchumi. Baadaye shahada ya kwanza ya uchumi ikapatikana hapa hapa nchini, lakini wengi waliotaka kuzama zaidi walipanda ndege. Justinian Rweyemamu alikwenda Harvard, Ibrahim Lipumba akaenda Stanford, Benno Ndulu akaenda Northwestern. Hao walirudi wakafundisha. Wapo ambao hawakurudi.

Ndipo mwaka 1988 likaanzishwa mjini Nairobi Shirika la Utafiti wa Uchumi wa Afrika, na mwaka 1993 ukaanza mpango wa shahada ya uzamili ulioendeshwa kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya nchi mbalimbali za bara letu. Masomo ya msingi, yaani nadharia ya uchumi pamoja na hesabu na takwimu zake, mwanafunzi aliyasoma chuoni kwake. Kisha wanafunzi wa vyuo hivyo walikutanishwa Nairobi kwa miezi michache ili wasome masomo ya kuchagua, kwa vile si rahisi chuo kimoja kuwa na walimu wa kutosha wa masomo hayo yote. Halafu kila mmoja alirejea kwao kuandika tasnifu. Ndulu mwenyewe aliwahi kuliongoza shirika hilo kabla hajawa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, kazi aliyoifanya kuanzia 2008 hadi 2018.

Mimi niliingia katika mpango huo mwaka 1996, nikiwa nimekwisha kufundisha miaka saba. Nilikaa Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uwanja nyuma, pamoja na shangazi yangu. Nasema nilikaa naye, lakini ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyenilea. Ada yangu ya sekondari, viatu vyangu, na nauli yangu ya treni nilipopangiwa shule ya bara, vyote vilitokana na samaki wa kukaanga. Aliondoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, akashuka kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja hadi Feri, akanunua vibua au changu kwa ndoo, akawapaa, akawakaanga, na jioni akakaa barazani na sinia lililofunikwa gazeti. Kwa wasioijua Feri, hapo ni Magogoni, mlangoni mwa bandari, panapotia nanga pantoni ya Kigamboni. Ngalawa na mashua za uvuvi hushusha samaki jirani na Ikulu na jirani na Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Sijui kama uko mji mwingine ambao rais, wanafunzi wa fedha na wapaa samaki husikia harufu moja asubuhi.

Mwaka huo wa kwanza Mlimani ulikuwa mtamu na mgumu. Nchi ilikuwa bado katika mageuzi yaliyoanza 1986, pale serikali yetu ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa baada ya mabishano ya miaka mingi, shilingi ikashushwa thamani, na vizuizi vya biashara vikaanza kuondolewa kimoja baada ya kingine. Sisi tuliokulia katika foleni za sukari na sabuni tuliisikiliza nadharia ya soko kama mtu anayesikia habari za nduguye aliyepotea. Mistari miwili ubaoni, mmoja wa ugavi na mmoja wa mahitaji, ikikutana mahali pamoja. Na pale ilipokutana, tukaambiwa, ndipo bei ilipotulia. Kila aliyesimama katikati ya muuzaji na mnunuzi, asiyeongeza kitu katika bidhaa, alikuwa gharama ya kupunguzwa. Niliamini. Na kwa kuwa niliamini, niliichukua nadharia hiyo nikaipeleka nyumbani.

Shangazi alikuwa akinunua samaki wake kwa dalali mmoja, mzee mwenye kofia ya vito, kwa mali kauli. Alichukua ndoo asubuhi bila kutoa senti, akalipa kesho yake. Kwa upendeleo huo alilipa shilingi 500 zaidi ya yule aliyetoa taslimu, na ndoo wakati huo ilikuwa kama shilingi 5,000. Jioni moja ya Februari 1997, upepo wa kaskazi ukiwa mwanana na samaki wakiwa tele, nilichukua daftari nikamfanyia hesabu. Shilingi 500 juu ya 5,000 ni asilimia 10. Asilimia 10 kwa siku moja! Nikazidisha kwa siku 26 za kazi: shilingi 13,000 kwa mwezi, zaidi ya ndoo mbili na nusu za samaki, zinakwenda kwa mtu ambaye hakuvua, hakupaa, wala hakukaanga. Nikamwambia kwamba hakuna benki duniani inayotoza riba hiyo. Nikamshauri akipokea zamu yake ya upatu, fedha hizo azifanye mtaji, amwache dalali, anunue kwa taslimu chomboni.

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, ijapokuwa hakujua kusoma. Kisha akauliza, "Na siku samaki hakuna, baba, hii karatasi yako itanipa nini?"

Nilimjibu upesi. Samaki wakipungua bei itapanda, na mwenye fedha mkononi atapata. Soko halimjui mtu.

Alinyamaza, na mwezi uliofuata akafanya nilivyomwambia. Hakukubali kwa sababu nilimshawishi, bali kwa sababu nilikuwa nimesoma, na masomo yale yeye ndiye aliyeyalipia. Wanachuo, hilo ndilo jambo ambalo hadi leo linaninyima usingizi kuliko hesabu yenyewe.

Julai nilikwenda Nairobi. Nilikuwa nimechagua uchumi wa kimataifa na uchumi wa kilimo. Sitaeleza yote tuliyosoma, mengi yamenitoka. Lakini jambo moja lilinishangaza, nalo ni hili: nadharia kadhaa tulizozisoma katika vitabu vilivyochapishwa ng'ambo zilikuwa zimezaliwa pale pale Afrika Mashariki. Harris na Todaro, walioeleza mwaka 1970 kwa nini watu huendelea kumiminika mjini hata kama kazi hazipo, walikuwa wameutazama mji wa Nairobi. Joseph Stiglitz, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2001 kwa kazi yake juu ya masoko ambamo mmoja anajua asiyoyajua mwenzake, aliishi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwenyewe amekiri kwamba kukaa huko kulimfungua macho. Lile neno la sekta isiyo rasmi, ambalo leo hutumiwa na kila mtaalamu, lilienea duniani kutokana na ripoti ya Shirika la Kazi la Kimataifa juu ya Kenya ya mwaka 1972. Shangazi yangu alikuwamo kitabuni, tena ukurasa baada ya ukurasa, ila hakuitwa kwa jina.

Katika somo la kilimo tulifundishwa habari za soko ambamo mkopo, kazi na mazao hufungwa katika fundo moja. Mwenye shamba humkopesha mkulima mbegu, mkulima humuuzia yeye mazao, na bei inayoonekana ya kunyonya huwa imebeba ndani yake mambo matatu au manne: riba, bima ya mwaka wa njaa, gharama ya kumjua mtu kama ni mwaminifu. Ukikata uzi mmoja wa fundo hilo ukidhani ni riba tu, fundo zima hufumuka. Niliandika hayo vizuri katika mtihani, nikapata alama nzuri. Barua ya nyumbani nilikuwa nimeipokea kama wiki mbili kabla. Binamu yangu aliandika kwamba shangazi haendi tena kukaanga, mtaji umekwisha, na kwamba nisimwulize nikirudi. Nilisikitika kama mtu anavyosikitikia maradhi ya mzazi. Haikunijia hata kidogo kwamba mtihani na barua vilikuwa vinasema jambo lile lile.

Niliporejea nilimkuta Feri, ameketi juu ya kigoda, anapaa samaki wa wenzake kwa ujira. Mwanamke aliyenisomesha hadi shahada ya pili alikuwa kibarua. Nilimwamkia, akaitika "Marahaba, baba," akaendelea na kisu chake. Nilikaa karibu yake juu ya ndoo iliyofudikizwa, magamba yakinirukia suruali, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma uchumi nikamwuliza mtu anayeufanya: ilikuwaje?

Ilikuwa hivi. Machi na Aprili alinunua kwa taslimu na kweli alipata faida zaidi, kama karatasi ilivyosema. Ilipofika Juni kusi likavuma. Mwenye kuijua pwani anajua maana yake: bahari huchafuka, vyombo vidogo hulala ufukoni siku tatu, nne, na vinavyotoka hurudi na kidogo. Hicho kidogo hakikungojea mnunuzi mwenye fedha. Wavuvi walikuwa wamekopeshwa mafuta ya mashine na nyavu na madalali, hivyo samaki walishuka moja kwa moja mikononi mwa dalali. Na dalali akawagawia wateja wake wa kila siku, ndoo ikigeuka nusu ndoo, nusu ikigeuka fungu, lakini kila mmoja akiambulia kitu. Shangazi alisimama na fedha zake mkononi. Akaongeza bei, akapewa mabaki yaliyokwisha kulegea. Siku mbili samaki walimharibikia. Katikati ya hayo mjukuu wake akaugua, mtaji ukaingia hospitali. Zamani, siku kama hiyo, angechukua ndoo bila senti na kulipa Jumatatu. Sasa hakuwa na mtu wa kumwendea.

Nilikwenda kwa yule mzee. Nilidhani atanicheka, na nadhani nilistahili. Alinisikiliza, akavua kofia yake, akasema, "Mwalimu, hizo mia tano si za jana wala za leo. Ni za mwezi wa saba."

Nimekwisha kusoma vitabu vingi juu ya bima na mikopo ya watu maskini, vingine vya watu wenye tuzo. Sijapata kuona jambo hilo likisemwa kwa ufupi zaidi. Shilingi 500 za Februari, nilizoziita riba, zilikuwa malipo ya kungojewa wakati wa kusi. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja la kuzidisha; kosa lilikuwa kwamba niliifanya katika msimu mmoja.

Nisije nikaeleweka vibaya, sisemi kwamba dalali ni malaika wa Feri. Mvuvi anayedaiwa nyavu hana uhuru wa kuuza anakotaka, na bei anayopewa si ile ambayo angepata kama angekuwa huru. Shangazi hakuweza kumkasirikia mzee yule hadharani hata siku aliyopewa ndoo pungufu. Nguvu ya mmoja juu ya mwingine ipo, na mwalimu asiifiche. Lakini ni vema kukumbuka jinsi tulivyomtazama mtu huyu. Nilipokuwa kijana, hasa wakati wa kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi mwaka 1983, kila aliyesimama katikati ya mkulima na mlaji aliweza kuitwa mlanguzi. Miaka 13 baadaye, katika elimu iliyokuwa kinyume kabisa cha siasa ile, nikafundishwa kwamba mtu yule yule ni gharama ya kupunguzwa. Itikadi mbili zisizoelewana katika jambo jingine lolote zilikubaliana katika hilo. Wala hapana hata moja iliyokwenda kumwuliza anafanya nini hasa.

Mzee alikubali kumrudisha, kwa sharti kwamba nimdhamini. Niliweka kwake kiasi kilichobaki cha posho yangu ya Nairobi. Shangazi alianza tena Desemba ile ya 1997, katika mvua za El Niño, mji mzima ukiwa matope. Aliendelea hadi miguu ilipokataa, akafariki mwaka 2009. Tuliishi kwa wema, na hakupata kunilaumu. Alinituma kwenye ofisi, alinipa barua nimsomee, aliniuliza dawa hii inywewe mara ngapi. Habari za biashara hakuniuliza tena.

Sasa nije kwenye darasa.

Mwaka 1998 nilirudi katika kufundisha, na nikaombwa nifundishe kipindi cha mfano mbele ya walimu wanafunzi, katika shule moja ya msingi ya katikati ya jiji, darasa la sita. Mada ilikuwa bei za bidhaa. Mtu angetarajia kwamba baada ya yote niliyopitia ningefanya vizuri. Nilichora mistari miwili ubaoni. Mkono ukishika chaki hurudia ulichozoea. Nikaeleza kwamba bei isipomridhisha muuzaji, atazuia bidhaa yake hadi bei ipande. Mvulana mmoja wa nyuma, aliyevaa shati kubwa kuliko mwili wake, akanyoosha kidole: "Mwalimu, na samaki wakioza?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Swali lile linatosha kujaza sura nzima ya kitabu, maana muuzaji wa samaki asiye na barafu hana mstari wa ugavi unaopanda taratibu. Ana mstari uliosimama wima, na saa sita ya mchana imesimama nyuma yake na fimbo. Mtoto yule alijua hivyo kwa sababu mama yake alikuwa akiishi kwayo. Mimi nilijua kwa sababu nimesoma na kwa sababu nimeumia, na bado nilikuwa nimeliacha jambo hilo nje ya mlango wa darasa.

Niliandika upya andalio la somo, na nimeendelea kuliandika upya hadi leo. Nitaeleza jinsi ninavyolitumia, si kwamba mliige neno kwa neno, bali mpate pa kuanzia. Zana zake hazigharimu kitu: visoda kwa ajili ya fedha, na samaki waliokatwa katika makaratasi ya maboksi. Wanafunzi wachache huwa wavuvi, wawili huwa madalali, wengi huwa wachuuzi. Mzunguko wa kwanza ni kaskazi, samaki 60. Mnada hupigwa, kelele huwa nyingi, na mwalimu wa darasa la jirani huja kuchungulia. Mzunguko wa pili ni kusi, samaki 10. Wa tatu, samaki wamebaki na mwalimu anatangaza kwamba ni saa sita mchana. Sitoi maelezo yoyote kabla. Baada ya kila mzunguko nauliza tu: umefanya nini, na kwa nini?

Mara ya kwanza nilipolijaribu, katika mzunguko wa kusi, binti mmoja aliyekuwa dalali alikataa visoda vinane vya mvulana mmoja akampa samaki rafiki yake kwa visoda vitano. Mwalimu mwanafunzi aliyekuwa akinisaidia akaona ni upendeleo, akataka kumsahihisha. Nilimzuia. Nikamwuliza binti kwa nini amekataa vinane. Akasema, "Huyu hakununua kwangu wakati samaki walikuwa wengi. Huyu alinunua. Na kesho atarudi." Alikuwa na umri wa miaka 12. Hakuna aliyemfundisha, labda nyumbani kwao, labda damu ya mji. Nilimwomba aseme tena, polepole, nikaandika maneno yake ubaoni kama yalivyo, na hayo ndiyo yakawa nukuu za somo.

Uchumi wa kimataifa nao huingia kwa mlango huo huo, bila kutaja jina lake kubwa. Nauliza: nyavu zimetoka wapi? Mashine ya mashua imetoka wapi? Mafuta je? Watoto hugundua kwamba samaki wa Feri, ambaye hajawahi kuvuka Kigamboni, amevuliwa kwa vitu vilivyonunuliwa kwa dola. Basi dola tumezipata wapi? Hapo huja kahawa, pamba, korosho, dhahabu, na watalii. Na darasa linaona kwa nini mama aliye Kariakoo anaweza kupandishiwa fungu la vibua kwa sababu bei ya pamba imeanguka. Au nawapa kisa cha kweli: mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka nchi zetu kwa hofu ya kipindupindu, na sangara wa Ziwa Victoria, ambao Ulaya ilikuwa mnunuzi wao mkuu, wakakosa pa kwenda. Nani alipata hasara? Watoto hutaja kwanza mwenye kiwanda cha minofu. Ngojeni. Baada ya kitambo mmoja atamtaja mvuvi, mwingine atamtaja muuza barafu, na hatimaye yupo atakayewataja akina mama walionunua mapanki, vile vichwa na mifupa inayobaki kiwandani, kwa ajili ya kukaanga.

Na yule Ricardo, aliyeandika mwaka 1817 juu ya nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno, nimemhamishia uwanjani kwa jirani wawili, mmoja wa samaki na mmoja wa maandazi. Hufundishika vizuri. Lakini nilipolazimika kumweleza kwa Kiswahili, bila kujificha nyuma ya istilahi, niligundua kwamba sikuwa na jibu la swali ambalo watoto huliuliza daima: nani aliamua kwamba huyu awe wa maandazi? Naliacha likiwa swali. Katika mji ambao kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968, na ambao leo Kariakoo yake imejaa nguo kutoka kila pembe ya dunia, si swali la kitoto.

Nina maonyo mawili kwa mtakaokwenda mafunzo kwa vitendo. La kwanza, msimwulize mtoto mbele ya wenzake mama yake anapata kiasi gani, wala anadaiwa na nani. Nimeona msichana akiacha kuja shule wiki nzima kwa swali la namna hiyo lililoulizwa kwa nia njema. Tumieni fedha za visoda. Mtoto ataweka humo anayoyajua kama apendavyo. La pili, msichukue darasa kwenda Feri bila kwenda ninyi wenyewe kwanza, peke yenu, mara mbili au tatu, katika misimu tofauti. Mwenda mara moja huona mnada tu.

Feri yenyewe imebadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 soko lilijengwa upya kwa msaada wa Japani, likawa na meza za saruji na sehemu maalumu ya kukaangia. Tangu 2016 liko daraja la Kigamboni, ingawa pantoni bado inavusha watu. Malipo mengi hupita kwenye simu. Mali kauli ingaliko. Ila siku hizi kauli yenyewe wakati mwingine hutumwa kwa ujumbe.

Mwezi uliopita mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili aliniletea andalio lake la somo la mnada nilisahihishe. Alikuwa ameongeza swali katika hatua ya mwisho, ambalo mimi, katika miaka yote hii, sijawahi kuliuliza: dalali anakopeshwa na nani? Sikuwa na jibu. Tumekubaliana kwenda Feri Jumamosi, yeye na mimi, tufike kabla ya mnada wa kwanza.